Mvua imewafungia ndani? Mpe mwili wa mtoto kazi: michezo ya ndani kwa watoto wa mwaka 1 mpaka 3

Huku Kigoma mvua ikishashika inaweza ikaanza alfajiri ikapiga mpaka saa nane mchana, uwanja wote tope, njia za vilimani zinateleza balaa, na wewe uko ndani kwenye chumba na sebule na mtoto wa mwaka na nusu ambaye hajui mvua ni nini, anachojua ni kwamba ana miguu na miguu inataka kwenda. Ndani ya saa moja keshapanda kochi mara kumi, kavuta pazia, kachovya mkono kwenye ndoo ya maji ya kunywa, kamwaga unga, na sisi wakubwa tunaanza "huyu mtoto mtukutu jamani, kaa chini!"

Nimelea wawili kwenye nyumba ya kupanga hapa Mwanga, wa kwanza yuko shule sasa hivi, wa pili ana miaka miwili na miezi yake, na kitu nilichokishika ni hiki: mtoto wa umri huu mwili wake unadai kazi. Anajifunza kuinama asidondoke, kusimama asiyumbe, kupima huku mbali huku karibu, na hivyo vyote anajifunza kwa kufanya, ukimwelekeza kwa mdomo haingii. Ukiunyima mwili wake kazi utajitafutia wenyewe na utaipata jikoni au kwenye soketi.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo wa watoto chini ya miaka 5, wanasema kuanzia mwaka mmoja mtoto apate angalau dakika 180 za kuchangamsha mwili kwa siku, na akifika miaka 3 dakika 60 kati ya hizo ziwe za kuhema kabisa. Usishtuke na hayo masaa matatu, hayaji kwa mkupuo, ni dakika kumi hapa, robo saa pale, unajumlisha mpaka jioni, hata kukusaidia kubeba nguo kumo. Wanasema pia asifungwe sehemu moja zaidi ya saa moja mfululizo, iwe kwenye kiti au mgongoni kwa mama, na hapo mgongoni najua wengi tutajiona maana mtoto akisumbua tunambeba tupike, ni sawa kabisa, ila mshushe anyooshe miguu alafu umrudishe kama kazi haijaisha.

Na TV na simu: chini ya miaka miwili asiangalie kabisa, kuanzia miwili isizidi saa moja kwa siku. Najua siku ya mvua simu ndo inaita, katuni zinamtuliza kweli, lakini akizimiwa baada ya masaa mawili ana nguvu zote zile zile alizokuwa nazo asubuhi na hasira juu.

KABLA YA MCHEZO WOWOTE: PIGA MAGOTI

Piga magoti sebuleni kwako, kabisa, uwe na urefu wa mtoto, alafu tembea chumba kizima kwa magoti ukiangalia. Utaona waya wa ekstensheni unaoning'inia, kona ya meza iko sawasawa na jicho lake, kitambaa cha meza ambacho akikivuta chupa ya chai inamdondokea. Nilipofanya hivi mara ya kwanza nilihamisha vitu nusu saa nzima, na nilikuwa najiamini kwamba chumba changu kiko salama.

Kitu cha kwanza ni jiko la mkaa. Siku ya mvua na baridi watu tunaingiza jiko ndani, nakuomba mama mwenzangu usifanye hivyo. Mkaa unaowaka unatoa hewa ya sumu ambayo haina harufu wala rangi, chumba kikifungwa inawalewesha mkalala msiamke, na mtoto inamwahi kabla yako. Ukipika, pika kibarazani chini ya paa au jikoni kwenye upepo, na mtoto asiwe anacheza njia unayopita na sufuria.

Cha pili maji. Tuna tabia ya kukinga mvua, ndoo tatu, beseni mbili, pipa, zote zimejipanga mlangoni. Mtoto wa umri huu kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili, akiinamia ndoo akatumbukia kwa kichwa hawezi kujitoa, na hata maji ya kina cha sentimita tano yanatosha kumuua. Ndoo iwe na mfuniko, beseni liwe juu au tupu. Cha tatu mafuta ya taa na dawa, hasa ile tabia ya kuweka mafuta ya taa kwenye chupa ya soda au ya maji, mtoto anajua chupa ile ni ya kunywa. Akiyanywa usimtapishe wala usimpe maziwa, mkimbize hospitali.

Vidogo vidogo sasa. Chukua ule mrija wa katikati wa toileti pepa, kitu chochote kinachopita humo ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu: maharage, punje za mahindi, karanga, vifuniko vya chupa, betri ndogo za rimoti (hizi betri ni hatari zaidi, akimeza zinaunguza koo kwa ndani kwa masaa machache tu, hapo ni hospitali papo hapo). Kuna mtoto wa jirani alijiingiza haragwe puani, likakaa siku mbili likavimba, wakaenda kulitoa kwa shida. Kwaiyo ile michezo ya kuchambua maharage ambayo watu wanawapa watoto wadogo, mimi siipendi kwa umri huu, ngoja akue.

Na jifunze hili kabla hujalihitaji. Mtoto wa zaidi ya mwaka akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe, kaa naye. Akishindwa kukohoa, kulia, sauti haitoki, mwinamishe mbele umpige katikati ya mabega kwa kiganja mara 5, isipotoka pita nyuma yake, ngumi moja juu kidogo ya kitovu na mkono mwingine juu ya ngumi, kandamiza kwa ndani na kwenda juu mara 5, badilisha hivyo hivyo huku mtu anaita msaada. Usichokonoe koo kwa kidole wakati hukioni kitu, utakisukuma ndani.

La mwisho, vua soksi. Sakafu ya sementi au tailizi pamoja na soksi ni mtelezo, wangu wa kwanza alidondoka hivyo akachana mdomo. Miguu peku ndo inashika vizuri na vidole vinafanya kazi, kama kuna baridi mvalishe suruali nzito na sweta.

VIFAA UNAVYO TAYARI

Mkeka, kanga na vitenge viwili vitatu, mito, godoro la chini, beseni la plastiki, stuli, maboksi matupu (nenda dukani kwa mangi au kwa jirani mwenye duka, boksi la biskuti au la sabuni wanakupa bure), chupa tupu za maji sita, soksi zilizopoteza wenzake, dumu la lita tano. Soksi zikunje ziwe mipira, mbili tatu ndani ya moja. Dumu liwe la maji au mafuta ya kula, lisiwe lililowahi kubeba mafuta ya taa. Maputo nayaacha, likipasuka kile kipande kinazibia koo kabisa.

Na kile kigari cha magurudumu cha kumkalisha mtoto ajifunze kutembea, kama hujanunua usinunue. Hakimfundishi kutembea mapema, na kinampa spidi ya kufikia ngazi na jiko kabla hujageuka. Kanada walivipiga marufuku toka 2004. Kiti cha plastiki anachokisukuma mwenyewe kinafanya kazi nzuri zaidi.

JINSI YA KUANZA

Ukae chini na wewe. Hapa ndo wengi tunakosea, tunamwagia mtoto vitu alafu tunakaa kwenye kochi na simu, anacheza dakika mbili anakuja kukuvuta nguo. Toa kitu kimoja tu, onyesha mara moja bila maelezo marefu, kaa kimya umwangalie atafanya nini. Akifanya tofauti na ulivyoonyesha mwache, yeye kaona kitu. Mchezo mmoja kwa umri huu unaishi dakika tano mpaka kumi, ukiona macho yameanza kuzunguka chumba badilisha, wala usimlazimishe kumaliza.

Na changanya. Mchezo wa nguvu, alafu wa mikono, alafu wa nguvu tena, alafu wa kutulia. Ukimpa wa nguvu mfululizo anapandisha mpaka anaanza kupiga kelele na kung'ata, siyo ubaya, kachoka na hajui kusema kachoka. Akitoka kula mpe kama nusu saa kabla ya kuruka, uji unarudi.

ANAYEANZA KUTEMBEA, MWAKA MPAKA MWAKA NA NUSU

Huyu kazi yake ni kupanda, kushuka, kusukuma na kuinuka. Panga mito na magodoro yawe vilima, vya Kigoma tunavyo vingi tu nje, mjengee vya ndani. Mwekee toi au kijiko anachokipenda upande wa pili, apande mwenyewe kwa mikono na magoti. Mfundishe kushuka kwa kutanguliza miguu, unamgeuza kiunoni kila anapofika ukingoni na unasema neno moja, "geuka", siku mbili tatu anajigeuza, na kwenye kitanda napo atashuka hivyo hivyo, umeokoa kichwa chake.

Kusukuma: weka maji kidogo kwenye dumu, funga kweli kweli, alisukume kutoka mlangoni mpaka ukutani. Uzito unamtuliza mtoto kwa namna ya ajabu, ukimwona ana fujo nyingi mpe kitu cha kusukuma au kubeba, kamwombe akuletee mto, aupeleke, aulete.

Handaki: stuli mbili, kanga juu, apite chini. Kaa upande wa pili uinamishe kichwa umchungulie. Wengine wanaogopa kuingia gizani, mnyanyulie kanga kidogo, usimsukume. Boksi kubwa lililotobolewa pande zote mbili nalo ni handaki, na wangu alilitumia wiki nzima mpaka likalainika kwa mate.

MWAKA NA NUSU MPAKA MIWILI

Hapa ndo raha inaanza maana ameanza kuigiza, na vitu anavyoviona nje mnaweza kuviingiza ndani.

Mchezo tunaoupenda sana sisi ni wa kuanika dagaa. Kama mtoto wako ameshapita ufukwe wa Kibirizi hapa Kigoma asubuhi anajua, wamama wameinama wanatandaza dagaa. Kata vitambaa chakavu vipande vya urefu wa kiganja, thelathini au arobaini, visiwe na nyuzi ndefu, weka kwenye beseni. Tandika mkeka upande wa pili wa chumba. Mtoto anachota anapeleka anachuchumaa anatandaza kimoja kimoja, anarudi. Vikishatandazwa vyote unapiga kelele "mvua inakuja!" na mnaokota kwa fujo mrudishe kwenye beseni. Hesabu mwenyewe amechuchumaa na kuinuka mara ngapi hapo, hiyo miguu na kiuno vimefanya kazi kuliko angekimbia uwanjani, na vidole vimeokota, na akili imejifunza haraka na polepole. Tunarudia mara tatu nne, na akizoea tunaongeza kugeuza dagaa zikauke upande wa pili.

Wa pili ni meli. Mkalishe kwenye beseni kubwa au boksi imara, pitisha kitenge unakovutia, vuta polepole kwenye sakafu, ashike kingo. Sisi meli yetu ni Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, na namsimulia hata kama haelewi yote, kwamba iliundwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapa hapa Kigoma na kuingia ziwani 1915. Ilikuwa inapita Kipili, inapita Kasanga, inaenda mpaka Mpulungu kule Zambia. Vijijini ambako hakuna gati abiria walikuwa wanashukia kwenye mitumbwi, kwaiyo midoli yetu nayo inashukia kwenye kikapu pembeni, mtoto anainama anawashusha mmoja mmoja bila kuanguka kwenye meli. Huko kujizuia asidondoke wakati chombo kinatikisika ndo mazoezi ya tumbo na mgongo. Alafu mbadilishane, yeye avute meli ina mito ndani. Usikimbie nayo na usigeuze ghafla.

Kurusha: mipira ya soksi kwenye beseni, anza karibu kabisa apate kila mara, alafu sogeza hatua moja. Kwa umri huu atarusha nyuma, pembeni, juu, ni sawa. Panga pia zile chupa sita aziangushe na mpira, na kuzipanga upya ni kazi yake, usimpangie.

MIAKA MIWILI MPAKA MITATU

Treni. Fundo kwenye ncha ya kanga, wewe kichwa, yeye behewa, kama kuna kaka au dada yupo nyuma. Mnazunguka chumba, mnapita Uvinza, Nguruka, Kaliua, Tabora, na kila kituo treni inasimama. Kusimama ndo somo. Mtoto wa miaka miwili kukimbia anaweza, kujizuia ndo hawezi bado, na huku ndo kunamsaidia siku mkiwa barabarani ukisema simama. Mara treni iende taratibu kama imebeba mizigo, mara ikimbie, mara irudi nyuma (kurudi kinyumenyume ni kugumu, mshike).

Wanyama. Sokwe wa Gombe wanatembea kwa mikono na miguu, mikono wamekunja ngumi wanakanyagia vifundo vya vidole, mwonyeshe, mtembee hivyo mpaka mlangoni, mabega yanafanya kazi mno. Chura anaruka kwa miguu miwili pamoja, wengi wanaiweza karibu na miaka miwili au wanapita kidogo, kabla ya hapo mguu mmoja unatangulia na hamna shida. Bata anatembea amechuchumaa. Nyoka tumbo chini. Korongo anasimama mguu mmoja, huyo mwache wa mwisho, kusimama hata sekunde moja mbili ni kazi ya anayekaribia miaka mitatu.

Mstari: sokota kanga ndefu uilaze chini, atembee juu yake kisigino kwa kidole kwa kadri anavyoweza, mwanzo mshike mkono mmoja. Baadae apinde kona, apite akiwa amebeba kikombe cha plastiki chenye maji kidogo, na hapo atakwenda taratibu mwenyewe bila kuambiwa.

Na ngoma. Mvua ikipiga bati hamsikilizani, basi pigeni masufuria na mwiko, chezeni, akipiga haraka ucheze haraka, akipiga taratibu na wewe ulegee. Yeye ndo anakuongoza, na hilo linampa furaha kubwa kwa sababu siku nzima yeye ndo anaongozwa.

UKIWA NA WAWILI, AU UNAMWACHIA DADA

Mkubwa mpe cheo, yeye ndo dereva wa treni, ndo anayetangaza mvua ya dagaa. Kama wanatofautiana sana, mkubwa acheze juu ya kitanda na vidogo vyake, mdogo chini. Kama unaenda kazini unamwacha na dada au na bibi yake, usiseme tu "mcheze naye", mwonyeshe michezo miwili kwa vitendo na umwonyeshe ndoo na jiko. Na wababa, jamani, hii ya vilima vya godoro na kubebwa ni yenu kabisa, mtoto anacheka tofauti akicheza na baba, ila kumrusha juu na kumvuta kwa mkono mmoja tuache, kiwiko cha umri huu kinachomoka kirahisi.

LINI UENDE KLINIKI

Watoto wanapishana, mmoja anatembea miezi kumi mwingine kumi na sita na wote wazima. Lakini amefika mwaka na nusu hatembei mwenyewe, au anatumia upande mmoja tu wa mwili na mwingine anauburuza, au muda wote anatembea kwa ncha za vidole, au alikuwa anaweza kitu na sasa hawezi tena, chukua kadi yake nenda, usisubiri wakuambie "hata baba yake alichelewa". Mapema ndo msaada unafanya kazi. Na siku ana homa michezo hii yote weka pembeni, huku kwetu homa inapimwa malaria siku hiyo hiyo.

KUSHUSHA MTOTO TARATIBU

Usikate mchezo ghafla. Sema "treni inaenda kulala", punguza sauti yako kwanza, fungua pazia kidogo mwangalie matone. Soksi zirudi kwenye beseni, yeye anarusha ya mwisho. Alafu mlaze kwenye kitenge, mkiwa wakubwa wawili shikeni ncha mmoja huku mmoja huku mumbembeze karibu kabisa na godoro, ukiwa peke yako mviringishe ndani ya kanga awe kama chapati na umkandekande mgongo kwa kiganja, kichwa kiwe nje muda wote. Maji ya kunywa, hadithi fupi, chandarua chini. Wa mwaka mpaka miwili anahitaji masaa 11 mpaka 14 ya usingizi kwa siku pamoja na wa mchana, kwaiyo huo usingizi wa mchana mlinde hata kama nyumba nzima ina kelele.

Kesho mvua ikirudi anza na ule mchezo alioumaliza akicheka, na uongeze mmoja mpya tu.